Kabare Yafungwa, Duka Lafunguliwa

Fikirini, wasomaji wapenzi, jioni katika kilima kimoja cha Nyamitaba, katika nchi ya Masisi. Ng'ombe wamerudi, moshi wapanda juu ya nyumba, na ukungu waanza kushuka kutoka malishoni. Kando ya njia zasimama nyumba mbili zinazotazamana. Ya kwanza ni kabare ya zamani: benchi mbili za mbao, mtungi pembeni, mirija imechomekwa ukutani, na mama mwenye nyumba ameketi mlangoni. Zamani saa kama hii benchi zilijaa watu. Leo wamo wazee watatu tu.

Nyumba ya pili ni duka. Mbele yake pamepangwa chumvi, sabuni, mafuta, viberiti, madaftari ya shule na biskuti. Na kando ya biskuti, katika sanduku lilelile, vimepangwa vifuko na vichupa vidogo vya pombe kali. Kijana wa miaka kumi na minne afika, atoa noti iliyokunjwa, apewa kichupa, akitia mfukoni pamoja na kalamu yake, kisha aenda zake. Hakuna aliyemwuliza jina la baba yake. Hakuna hata aliyegeuza kichwa kumtazama.

Mfano huu si wa kilima kimoja. Nendeni Kitchanga, nendeni Masisi, shukeni mpaka msituni Walikale, au vukeni mpaka muingie Uganda: mtakuta mambo yafananayo na hayo. Watu wengi hulalamika kwa sababu kabare zinakufa, na wengine hulalamika kwa sababu pombe kali imeingia madukani. Huyasema kana kwamba ni mambo mawili. Sisi twaona ni jambo moja: pombe imehama kutoka mahali penye macho, ikahamia mahali pasipo na macho. Na karatasi ya kibali, ambayo ingepaswa kuwa jicho la watu wote, mara nyingi imekuwa stakabadhi ya fedha tu.

Kinywaji kisichoweza kungoja

Kabla ya kusema juu ya duka, yafaa tukumbuke jinsi kasiksi ifanywavyo, maana vijana wengi waijua ladha yake lakini hawaijui kazi yake. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa mbichi, hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, zikakaa siku kadha mpaka zimeiva. Humenywa na kutiwa katika muvure, yaani chombo kirefu cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Humo hukandwa pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke. Maji hayo ni matamu, hata watoto huyanywa. Lakini yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa, na kufunikwa mahali penye joto, baada ya siku mbili tatu yaumuka yenyewe na kuwa kasiksi.

Angalieni sasa tabia ya kinywaji hiki: hakiwezi kungoja. Baada ya siku chache huchacha na kufaa kumwagwa tu. Basi aliyeitengeneza hana budi kuwaita watu. Mtu hawezi kuificha katika sanduku la nguo, wala kuinywa peke yake kitandani kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Ndiyo sababu kasiksi ilikuwa pombe ya watu wengi pamoja. Ililetwa wakati wa mahari, wakati wa kumaliza matanga, wakati majirani waliposaidiana kulima shamba, na wakati wazee walipowapatanisha ndugu wawili waliogombana. Palipokuwa na kibuyu palikuwa na watu, na palipokuwa na watu palikuwa na macho.

Mama wa kabare naye alikuwa jicho. Alimjua kila mnywaji, na mke wake, na deni lake. Mtu akianza kupayuka, alimwambia: «Baba Fulani, imetosha, nenda nyumbani, mama watoto anakungoja.» Mtoto akitumwa na kibuyu, alijua ametumwa na nani, asipotumwa na mtu, alifukuzwa, na kabla ya jua kutua habari zilikuwa zimefika kwa mama yake.

Hatusemi kwamba kabare ilikuwa shule ya watakatifu. La hasha! Humo fedha za chumvi na za karo ziliyeyuka. Kutoka humo wanaume wengi walirudi nyumbani usiku na kuwapiga wake zao. Humo yalitoka matusi, na mara nyingine visu. Wanawake wa vilima vyetu hawana haja ya kufundishwa mambo hayo na gazeti. Lakini hata ubaya wa kabare ulionekana. Padri aliujua, shefu aliujua, wazee waliujua, na kitu kijulikanacho chaweza kukemewa.

Kwa nini kabare zinakufa

Sababu ya kwanza imo shambani. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana mara ya kwanza nchini Kongo, na mahali ulipoonekana ni hapa hapa, katika teritwari ya Masisi. Majani hulegea na kuwa ya manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata waona ndani zimeoza. Ukilikata shina, latoa usaha. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukuliwa na wadudu watembeleao ua la mgomba, na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mgomba mzima. Tangu hapo umeenea katika Kivu yote. Aina nyingine za ndizi za pombe ndizo zishikwazo upesi zaidi. Basi penye shamba lililokauka, mama wa kabare atatengeneza kasiksi kwa kitu gani?

Sababu ya pili ni vita. Tangu mwaka 1993 nchi ya Masisi imeona mapigano yasiyohesabika, na watu wamekimbia mara nyingi, wengine mara tano, mara sita. Mtu aliyekimbia hana shamba la ndizi wala muvure. Na pale asipokimbia, aogopa kutembea jioni. Kabare ni nyumba ya jioni. Jioni ikiwa na hatari, kabare hufa. Lakini kichupa hununuliwa mchana kweupe na kunywewa nyumbani mlango umefungwa.

Sababu ya tatu ni njia. Bia ya chupa kubwa yataka kiwanda, lori, barabara, kreti, na chupa tupu zirudishwe. Primus ilianza kutengenezwa Léopoldville mwaka 1926. Kiwanda cha Bukavu kilifunguliwa mwaka 1950, na ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, bia ilianza kutoka kabla ya miaka ya 1960 kufika. Baa nyingi za Kivu zilijengwa juu ya kreti hizo. Mwaka 2025, baada ya vita kufika Goma na Bukavu, kampuni ya Heineken, mwenye hisa kubwa wa Bralima, ilitangaza mwezi wa Juni kwamba watu wenye silaha wameshika majengo yake katika miji hiyo miwili, nayo ikawaondoa wafanyakazi waliobaki. Mwenye baa akikosa kreti hana la kufanya. Lakini vichupa vidogo mia vyaingia katika mfuko mmoja, vyabebwa kwa pikipiki, havichachi, wala havidai chupa irudi.

Msidhani mambo haya ni ya Kivu tu. Uingereza, nchi iliyojulikana kwa nyumba zake za bia, mwaka 2000 ilikuwa nazo zipatazo 60,000. Miaka ishirini na kidogo baadaye zilibaki zipatazo 45,000. Huko pia watu wengi hununua pombe katika maduka makubwa, kwa bei nafuu, na kuinywa nyumbani. Wazee wa huko hulia kama wazee wetu: nyumba ya mazungumzo yafungwa, chupa yaingia chumbani.

Kibali ni nini?

Kibali ni neno la utawala kwa mwuzaji: waweza kuuza kitu hiki, mahali hapa, saa hizi, kwa watu hawa, na ukikosa utajibu. Pasipo masharti hayo, kibali si kibali, ni risiti.

Sheria za pombe katika bara letu ni za zamani. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia pombe kali isiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini yake, pale ambapo ilikuwa haijaenea bado. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, mapatano mengine yalifanywa juu ya jambo hilohilo. Wakati wa Wabelgiji, Mwafrika aliruhusiwa bia lakini alikatazwa pombe kali, huku Mzungu, jirani yake, akiuziwa bila kuulizwa neno. Sheria iliyomzuia mmoja na kumwachia mwingine haikuwafundisha watu kiasi. Iliwafundisha kwamba chupa ni alama ya ukubwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, wengi waliipokea chupa kana kwamba ni cheo, na ugonjwa huo haujatutoka.

Siku hizi mchuuzi mdogo nchini Kongo hutakiwa kuwa na patanti, kwa sheria ya biashara ndogo ya mwaka 1979. Juu ya patanti huongezwa kodi za jimbo na za sheferi. Na katika miaka ya vita mikono inayodai ushuru imekuwa mingi. Mwenye duka huulizwa: «Umelipa?» Ni mara chache aulizwe: «Pombe unamwuzia nani? Saa ngapi? Imetoka wapi? Shule iko mbali kiasi gani?» Akilipa, apewa karatasi na kuachwa. Mama wa kabare naye adaiwa vilevile, ingawa mtungi wake mmoja kwa wiki haulingani na sanduku la mwenye duka. Basi mzigo mmoja wawekwa juu ya mabega mawili yasiyo sawa, na bega dhaifu lainama. Mara nyingi mama huyo ni mjane, na kwa mtungi ule alikuwa akilipa karo ya watoto wake.

Waliotutangulia walifanya nini

Yafaa tutazame nchi nyingine, tupate kujua kipi kilifaa na kipi hakikufaa.

Zamani za karne ya kumi na nane, maskini wa London waliangamia kwa jini iliyouzwa kila kichochoro. Mwaka 1736 Bunge lilitoa sheria kwamba kila auzaye jini kwa rejareja alipe kibali cha pauni 50 kwa mwaka, fedha nyingi mno kwa siku zile. Karibu hakuna aliyelipa. Watu waliuza kwa siri, na mwaka 1743 sheria ikafutwa. Mwaka 1751 walijaribu tena kwa akili zaidi: kibali kilitolewa kwa nyumba za kweli zenye kujulikana, na wenye viwanda wakakatazwa kuwauzia wasio na kibali. Bei ya nafaka nayo ilipanda, na unywaji ukapungua. Hapa twaona kwamba kibali cha bei kali hukimbizia pombe gizani, bali kibali chenye masharti mema huiweka mahali pa kuonekana.

Ubelgiji yenyewe, mwezi wa Agosti 1919, ilitoa sheria iliyoitwa kwa jina la waziri Emile Vandervelde. Sheria hiyo ilikataza pombe kali isiuzwe katika nyumba za vinywaji, na madukani isiuzwe chini ya lita mbili kwa mara moja. Kwa nini lita mbili? Kwa sababu mfanyakazi aliyepokea mshahara wake jioni hangeweza kutoa fedha za lita mbili kwa ghafla. Angetaka kufikiri kwanza, na pengine kushauriana na mke wake. Sheria hiyo ilikaa zaidi ya miaka sitini, mpaka mwaka 1983. Ilikuwa na upungufu wake, maana tajiri hakuzuiwa na bei. Lakini angalieni wazo lake, kisha tazameni kifuko cha pombe kali. Kifuko ni kinyume kabisa cha sheria ile: kimefanywa kidogo ili mtu asipate nafasi ya kufikiri.

Jirani zetu wameliona hilo. Tanzania ilipiga marufuku vifuko hivyo, vilivyoitwa huko viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda ilifuata mwaka 2019, ikaamuru pombe kali isifungwe katika chombo kilicho chini ya mililita 200. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2010, ilikataza vifuko, ikaweka kiasi kisichopungua mililita 250, ikaamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, na zisipewe kibali karibu na shule kwa mita 300. Kwetu Kongo, amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki, lakini hiyo ilitazama takataka. Haikutazama kilichomo ndani ya mfuko. Na mahali vifuko vilipopungua, vichupa vya plastiki vilichukua nafasi yake.

Lakini Kenya hiyohiyo yatufundisha neno jingine. Mwaka 1980 ilikataza chang'aa kabisa. Je, chang'aa iliisha? Haikuisha. Ilihamia gizani, na gizani wauzaji waliitia methanoli, yaani pombe ya viwandani isiyofaa kunywewa. Mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 marufuku ile iliondolewa, chang'aa ikaruhusiwa kwa masharti. Hata hivyo, mwezi wa Februari 2024 watu 17 walikufa huko Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Maana yake ni kwamba kukataza peke yake hakutoshi, na kuruhusu peke yake hakutoshi. Sheria isiyo na watu wa kuilinda ni ukuta usio na lango.

Kwa kuwa pombe ya namna hiyo yaweza kufika popote, kila jamaa ijue jambo hili: methanoli haitambuliki kwa macho wala kwa harufu. Mtu aliyekunywa, hata baada ya saa nyingi, akisema kwamba aona ukungu machoni, kichwa chamwuma sana, anatapika au anahema kwa shida, msimwache alale mpaka asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue chupa aliyokunywa mkamwonyeshe mganga. Kuchelewa kwaweza kumpotezea macho au uhai.

Haba na haba

Wanafunzi na wachukue kalamu. Chupa kubwa ya Primus ina mililita 720, na nguvu yake ni kama asilimia 5. Pombe halisi iliyomo ni mililita 36. Kifuko cha mililita 100 chenye nguvu ya asilimia 40 kina pombe halisi ya mililita 40. Basi kifuko kile kiingiacho katika kiganja cha mtoto chashinda chupa nzima ya bia ambayo mtu mzima huinywa kwa saa moja akizungumza. Naye kijana hukinywa kwa mikupuo miwili, bila chakula, bila maji.

Tena, mtu anywaye vifuko vitatu kwa siku husema: «Ni fedha ndogo tu.» Kwa mwaka vifuko hivyo ni 1,095, na pombe halisi iliyopita mwilini mwake yakaribia lita 44. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema hivyo kumsifu awekaye akiba. Lakini kibaba cha mwuzaji hujaa kwa njia ileile, na cha nyumbani hutobolewa kwa njia ileile. Kila jamaa na izidishe bei ya kifuko kimoja kwa 1,095, kisha iulize: tungenunua nini? Mbuzi wangapi? Karo ya watoto wangapi? Mabati mangapi?

Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Na kwa vijana hatari ni kubwa zaidi, maana ubongo wa mtu huendelea kukua mpaka karibu miaka ishirini na mitano.

Je, Mkristu aseme nini?

Kanisa halisemi kwamba kinywaji chenyewe ni laana. Twajua habari za arusi ya Kana. Na nchini mwetu Masisi tuna ukumbusho mwingine: wamonaki walioanzisha monasteri ya Mokoto mwaka 1954 walitoka Scourmont nchini Ubelgiji, na monasteri hiyo ya Scourmont ndiyo yenye bia ya Chimay, inayotengenezwa tangu mwaka 1862. Lakini kumbukeni jambo moja juu ya wamonaki hao: bia waliyojitengenezea kwa meza yao wenyewe ilikuwa nyepesi kuliko ile waliyowauzia watu. Kunywa kwao kulikuwa na meza, na saa, na ndugu wa kutazamana nao. Dhambi ni ulevi, na mlango wa ulevi ni kunywa pasipo kiasi na pasipo shahidi.

Basi tufanye nini Nyamitaba, na mahali pengine pafananapo na Nyamitaba?

Wewe mwenye duka, usingoje sheria ikufundishe lililo haki. Ondoa pombe kando ya biskuti na madaftari. Iweke juu, nyuma yako. Mtoto akija na noti, mwulize: «Mwanangu, umetumwa na nani?» Kisha mrudishe mikono mitupu hata kama ametumwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Faida ya kichupa kimoja haitazidi thamani ya jirani anayekuamini. Na usiuze kamwe pombe isiyo na jina la mtengenezaji.

Ninyi wenye mamlaka, toka mwenye kijiji mpaka sheferi ya Bashali na zaidi, fanyeni kibali kiwe kibali. Kisomwe mbele ya baraza la wazee, wanawake wakiwapo, kabla ya kutolewa. Kitaje jina la mwuzaji, nyumba, saa za kuuza, umri wa wanunuzi, na umbali toka shule na kanisa. Avunjaye masharti anyang'anywe, hata kama amelipa. Mwenye mtungi alipe kidogo, mwenye kuuza pombe kali alipe zaidi. Lakini msiipandishe bei hata watu wakimbilie gizani, kama yalivyotokea London.

Wewe mama wa kabare, biashara yako ina heshima ukiipa heshima. Chota maji safi, osha mirija na vibuyu, tengeneza viazi au maharagwe watu wasinywe kwa tumbo tupu, funga mapema, wala usimpe kasiksi mtu aliyelewa tayari. Usikubali kuchanganya pombe kali katika mtungi wako ili iwe na nguvu.

Ninyi wakulima, okoeni migomba. Vunjeni ua la kiume kwa fimbo yenye panda mara chane ya mwisho itokapo, msilikate kwa kisu. Pitisheni panga motoni baada ya kila mgomba. Shina lililo gonjwa likatwe mapema mpaka chini, wala msichukue miche katika shamba lenye ugonjwa.

Ninyi wazazi, msimtume mtoto kununua pombe, hata mara moja. Siku ya kwanza hununua kwa ajili yako. Siku ya pili huonja njiani. Siku ya tatu hununua kwa ajili yake mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nanyi mashirika ya Wakristu wa jirani, ambayo maaskofu wa Kongo waliyatia mbele katika kazi ya Kanisa tangu mwaka 1961, yatazameni mambo haya katika mkutano wenu wa wiki. Kijana aliyekwisha kushikwa na kichupa msimcheke njiani na kumtungia jina. Kijana huyo pengine alizaliwa katika kukimbia, hakuona shamba la babaye, hana kazi, na usiku hukumbuka aliyoyaona. Kichupa chamwahidi usingizi. Asiyempa kitu kingine badala ya kichupa hana haki ya kumlaumu. Mpeni kazi, mpeni mpira wa kucheza jioni, mpeni mtu mzima mmoja wa kumsikiliza.

Na turudi sasa katika kilima chetu. Hatutaki duka lifungwe. Watu wahitaji chumvi na sabuni. Wala hatutaki kabare ijae mpaka usiku wa manane. Twataka jambo dogo tu. Siku nyingine kijana yule wa miaka kumi na minne afike na noti yake iliyokunjwa, na mwenye duka aiangalie, amwangalie yeye, kisha amwambie: «Hii sikuuzii. Chukua daftari, salio umrudishie mama.» Na ng'ambo ya njia, mama wa kabare na wazee watatu wainue vichwa, waone. Jioni hiyo habari zitafika nyumbani kabla ya kijana mwenyewe kufika.